Kuanza Maisha Ujerumani: Anwani Kwanza, Mengine Yafuate

Kijana anayewasili Ujerumani kutoka Afrika Mashariki, awe amekuja kwa masomo ya chuo kikuu au kwa mafunzo ya kazi yanayoitwa Ausbildung, kwa kawaida hupewa na waliomtangulia orodha ndefu ya mambo ya kushughulikia: benki, bima, laini ya simu, kibali cha ukaazi, tiketi ya mwezi. Orodha hizo aghalabu huwa sahihi, lakini hazimfai sana mtu asiyejua lipi litangulie, kwa kuwa karibu kila ofisi hapa hudai karatasi iliyotolewa na ofisi nyingine. Anayetaka kupunguza safari za bure na aanze na anwani inayotambulika kisheria.

Kila anayehamia katika makazi hutakiwa kujiandikisha kwenye ofisi ya wakaazi ya mji wake, ambayo katika miji mingi huitwa Bürgeramt, ndani ya wiki 2 tangu siku aliyohamia. Utaratibu huo ndio Anmeldung utakaousikia kila mahali. Mtanzania anaweza kuulinganisha na barua ya serikali ya mtaa, na Mkenya na barua ya chifu, isipokuwa hapa hakuna mjumbe wala mzee wa kijiji wa kukutambua kwa sura. Utahitaji pasipoti yako yenye viza, fomu ya kujiandikisha, na waraka uitwao Wohnungsgeberbestätigung, ambamo mwenye nyumba anathibitisha kwa saini yake kwamba umehamia kwake. Mkataba wa upangaji peke yake hauchukui nafasi ya waraka huo.

Kwa sababu hiyo, kabla hujakubali chumba chochote, muulize mwenye nyumba waziwazi kama atatia saini. Akianza kukwepakwepa, tafuta kwingine hata kama kodi yake ni nafuu, maana chumba kisichokuwezesha kujiandikisha kitakugharimu zaidi baadaye. Usishawishike pia na watu wanaouza anwani kwa wageni waliokwama, kwani sheria inakataza kumpa mtu anwani ya mahali asipoishi, na faini yake inaweza kufika euro 50,000. Mwanafunzi afanye jambo moja akiwa bado nyumbani: aombe chumba katika bweni la Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, mara tu apatapo barua ya kukubaliwa chuoni, kwa kuwa foleni ni ndefu na vyumba hivyo havina usumbufu wa uandikishaji.

Miadi ya Bürgeramt huwekwa kwa njia ya intaneti, na katika miji mikubwa nafasi hujaa mapema. Berlin inakuruhusu kwenda ofisi yoyote ya mji mzima, si ya mtaa wako tu, kwa hiyo usijifunge na ile iliyo karibu. Fungua ukurasa wa miadi asubuhi na mapema, wakati nafasi zilizoachwa na wengine zinaporudi, na uhifadhi uthibitisho wa miadi yako, hasa ikiangukia nje ya zile wiki 2.

Baada ya kujiandikisha, geukia sanduku la barua. Sisi tumezoea kwamba jambo muhimu huja kwa simu, na aliyezoea kupata hata risiti ya M-Pesa kwa ujumbe mfupi hushangaa kuona nchi hii ikitegemea karatasi kiasi hiki. Katika majengo mengi ya Ujerumani milango ya ndani haina namba: tarishi husoma majina yaliyobandikwa kwenye masanduku na kengele, na asipoliona la kwako, barua hurudi ilikotoka. Kwa hiyo andika jina lako la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, ulibandike siku ileile unayopokea ufunguo, na kama unakaa kwa mtu, ombeni ruhusa ya kuyaweka majina yote mawili. Kupitia sanduku hilo utapokea namba ya mlipakodi yenye tarakimu 11, ambayo hutumwa yenyewe baada ya uandikishaji wa kwanza na ambayo mwajiri wako akiikosa anaweza kukukata kodi ya kiwango cha juu kabisa. Humo pia huja kadi ya benki na, katika bahasha tofauti, namba yake ya siri.

Bahasha moja inastahili uangalifu wa pekee, nayo ni ya manjano. Hutumika pale ofisi au mahakama inapotaka ushahidi kwamba barua imefika, na tarishi huandika juu yake tarehe aliyoitia sandukuni. Muda wa kukata rufaa au kupinga huhesabiwa tangu tarehe hiyo, uwe umeisoma au hujaisoma, na kwa amri ya faini muda huo ni wiki 2 tu. Usiitupe bahasha yenyewe, na kama Kijerumani chako bado ni kichanga, ipeleke siku hiyohiyo kwa mshauri wa wanafunzi wa kimataifa au kwa mtu unayemwamini.

Kuhusu fedha, wanafunzi wengi huja na akaunti iliyofungwa ya kuthibitisha kwamba wana fedha za kujikimu, Sperrkonto, ambayo tangu Septemba 2024 hutakiwa kuwa na euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa mwezi. Wengi hawatambui kwamba fedha hizo hazitoki mpaka uwe na akaunti ya kawaida ya kuzipokea, na kwamba zikianza kutoka hutoka kwa mafungu ya mwezi. Amana ya nyumba, ambayo kisheria haizidi kodi ya miezi 3 bila gharama za huduma, haitatoka humo kwa mkupuo. Njoo na fedha nyingine za kuendeshea wiki za mwanzo, na ujue kwamba sheria inakuruhusu kulipa amana kwa awamu 3. Usitume hata senti kwa chumba ambacho wewe au mtu wako hajakiona kwa macho. Siku ya kupokea ufunguo, piga picha kila mkwaruzo wa ukuta na kila doa la sakafu mbele ya mwenye nyumba, kwa sababu amana hupotea kwenye vitu kama hivyo.

Bima ya afya ni lazima. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 anaweza kujiunga na bima ya umma kwa kiwango cha wanafunzi, na kwa maoni yangu hana sababu ya kwenda kwingine. Mawakala wa bima binafsi watamwonyesha bei ya chini, bila kukazia kwamba akishaomba kuondolewa katika bima ya umma hawezi kubatilisha uamuzi huo kwa muda wote wa masomo.

Mambo mengine ni mepesi. Anza na laini ya malipo ya kabla, kwani mikataba ya simu mara nyingi hukufunga kwa miezi 24. Ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, hulipwa mara moja kwa kila nyumba, hivyo mnaoishi pamoja mgawane badala ya kila mmoja kulipa peke yake. Usipande treni bila tiketi ukitumaini huruma ya mkaguzi: malipo ya adhabu ni euro 60.

Hatimaye kibali cha ukaazi. Viza uliyoingia nayo ina mwisho, na ombi la kibali lazima lifike Ausländerbehörde, yaani ofisi ya wageni, kabla ya tarehe hiyo. Ukiomba kwa wakati, haki ulizopewa na viza huendelea mpaka ofisi itakapoamua, na unaweza kudai karatasi ya kulithibitisha hilo, iitwayo Fiktionsbescheinigung. Ukichelewa hata siku moja, ulinzi huo hauji wenyewe. Tuma ombi miezi 2 au 3 mapema na uhifadhi kila barua pepe yenye tarehe. Kagua pia pasipoti, kwa kuwa kibali hakitolewi kwa muda unaopita uhai wake. Kama imebakiza mwaka mmoja, anza kuishughulikia katika ubalozi wako mjini Berlin kabla ya kuomba miadi ya kibali.