Hilux ya kilometa laki nne: anza na rejeta, siyo na rimu

Hilux za dizeli zenye injini ya 3L (cc 2,779) au 5L (cc 2,986) bado zinabeba saruji Mbagala na mbao Buguruni kila siku. Hazina tabo wala mambo mengi ya umeme, na kilometa pekee haziziui. Kinachoziua ni kuchemsha na kukatika kwa mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kamshafti inayofungua valvu. Kama una laki kadhaa za kutumia kwenye pikapu ya namna hii, zianzie hapo.

Adui wa kwanza ni maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi hiyo ikipata joto huganda ndani ya mirija ya rejeta na kwenye njia za maji za injini. Gari litaenda vizuri barabara ikiwa wazi, halafu ukikaa foleni ya Mandela saa nane mchana mshale unapanda. Fundi atakushauri utoe thermostati, valvu inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta yakishapata joto. Usikubali. Kwenye injini nyingi za aina hii thermostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Barabara ikiwa nyepesi injini haipati joto lake, na kwenye mzigo inachemsha vilevile. Ipime: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, pasha moto. Ikifika maji yanachemka bila kufunguka, nunua nyingine yenye nambari ileile ya joto iliyochapwa juu yake.

Kusafisha mfumo kunafanywa injini ikiwa ya baridi kabisa. Fungua koki ya chini ya rejeta, fungua na bolti ya kumwagia maji ubavuni mwa bloku, maana huko ndiko tope la kutu linakokaa. Ukifungua rejeta peke yake unaliacha. Jaza maji safi, washa dakika kumi, acha ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Kisha jaza kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kuongezea betri (siyo asidi!). Andaa mchanganyiko zaidi ya unaoingia, unaobaki uweke kwa ajili ya kuongezea. Jaza taratibu, pua ya gari ikiwa imeinuka kidogo, mfuniko ukiwa wazi, injini ikiunguruma saileti, bila kukanyaga mafuta. Hozi ya juu ikishika moto na mapovu yakaisha, funga. Mapovu yasipoisha na yananuka moshi, gasketi ya hedi imepita au hedi yenyewe ina ufa. Hapo usinunue kitu kingine chochote kabla ya kulimaliza hilo.

Angalia pia feni klachi, sehemu inayoishikisha feni na injini joto likipanda. Zima injini ikiwa ya moto, sukuma feni kwa mkono: inatakiwa iwe nzito. Ikizunguka yenyewe mizunguko kadhaa, silikoni ya ndani imevuja. Wengine huilehemu ili isiteleze. Itapoza, lakini itapiga kelele kama ndege na kula dizeli bure.

Sasa mkanda. Hilux nyingi za dizeli zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi, inayowaka muda wa kubadilisha mkanda ukifika, mara nyingi kila kilometa 100,000. Geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa isipoonekana pamoja na zile nyingine, ujue balbu imeungua au kuna mtu ameitoa. Kama hakuna maandishi yanayoonyesha ulibadilishwa lini, uhesabu kuwa haujawahi kubadilishwa. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hiyo siyo kazi ya siku moja. Badilisha pamoja na beringi ya kukazia na sili za mbele za kamshafti na krenki, kwa sababu oili ikivuja juu ya mkanda mpya, mkanda unaoza mapema. Fundi akishafunga, aizungushe krenki kwa spana mizunguko miwili kamili kisha aangalie alama upya. Asiyetaka kufanya hivyo mwambie asubiri, nawe simama hapo hapo.

Oili ya injini, kila kilometa 5,000 pamoja na filta. Inaingia kama lita 6, ila usijaze kwa hesabu ya kichwani, jaza kwa stiki. Na ukiona altaneta imelowa oili kwa nyuma, tatizo siyo altaneta peke yake: pampu ya vakyumu ya breki imefungwa pale pale na inalainishwa kwa oili ya injini. Sili ikivuja, oili inaingia kwenye altaneta na kuiua. Ukibadilisha altaneta bila sili hiyo, utarudi maduka ya spea ya Gerezani mapema.

Kwa mwenye kuvuka Feri kila siku au kukaa karibu na bahari, chesesi iogeshwe chini kwa maji ya bomba angalau mara moja kwa wiki. Gonga kwa nyundo ndogo kuzunguka mikono ya springi za nyuma. Sauti ikiwa butu, kutu imekula ndani. Kupuliza dizeli na oili chafu chini ya gari kunazuia kutu kweli, lakini kunaozesha bushi zote za mpira.

Nyongeza zenye maana ni chache. Ya kwanza ni jani moja la springi kila upande wa nyuma, siyo matatu. Kaza yubolti, tembea kilometa 500 na mzigo, kaza tena. Yubolti ikilegea, sentaboliti inakatika na ekseli inakwenda kombo. Hapa wengi husahau kitu: kuna valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, inayopima mzigo kwa jinsi bodi ilivyokaa. Ukiinua nyuma, valvu inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma wakati umepakia tani. Fimbo hiyo lazima irekebishwe siku hiyohiyo.

Ya pili ni ya bei ya soda. Difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli, ina tundu dogo la kupumulia juu ya ekseli. Ukiingia kwenye maji ya Jangwani wakati wa masika, difu ya moto inapoa ghafla na kuvuta maji ndani kupitia hapo au kwenye sili. Chomeka mpira wa kupitishia dizeli kwenye tundu hilo, upandishe mpaka juu ya chesesi, funga kwa klipu, na mwisho wake uelekee chini. Kama umeshapita majini bila mpira huo, legeza bolti ya chini ya difu kesho yake asubuhi kabla hujawasha gari. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yatatangulia kutoka. Na kama umeshatembea nayo, oili itatoka na rangi ya chai ya maziwa. Mwaga yote, weka oili ya difu, 80W-90 ya GL-5, mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia.