Lori kuukuu la dizeli linavuja oili: anza hapa

Usinunue sili (mpira wa kuzuia oili isitoke) kabla ya kuosha injini. Upepo wa safari husukuma oili nyuma, hivyo tone lililo chini ya gia boksi huenda limetoka kwenye tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini.

Osha injini ikiwa baridi, kausha, nyunyiza poda ya mtoto, endesha kilomita 10, kisha mulika kuanzia juu. Poda ilipolowa ndipo penye tatizo.

Kagua brida (tundu la injini kupumulia) kwanza! Ikiziba, presha hujaa ndani na kusukuma hata sili mpya. Boliti za sampu (bakuli la oili chini ya injini) zisikazwe kupita kiasi, bati litapinda.

Sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) inataka gia boksi ishushwe. Pitisha ukucha pale sili inapogusa krenki: ukikwama, pamechimbika, weka bushi (pete nyembamba ya chuma) ya kufunika mfereji huo, la sivyo patavuja tena.