Faili la Vectorworks limevimba: anza na picha za viewport

Faili la nyumba ndogo kwenye Vectorworks (programu ya kuchora majengo) likizidi ukubwa ulioutarajia, mara nyingi mchawi ni picha zilizohifadhiwa za viewport, yaani madirisha yanayoonyesha mchoro kwenye karatasi. Viewport ikishachorwa kwa rendering (taswira yenye rangi, mwanga na vivuli), programu huitunza picha yake ndani ya faili ili ukifungua kesho isichore upya. Hapo ndipo uzito unapojaa. Karatasi ya A1 kwa DPI 300 (nukta kwa kila inchi) ina pikseli zipatazo milioni 70. Kwa DPI 150 ni milioni 17 tu. Basi fanyia kazi kwenye 150, upandishe siku ya kuprinti.

Kuzima uhifadhi wa picha hizo: File, Document Settings, Document Preferences, kichupo cha Display, ondoa tiki ya Save Viewport Cache, kisha usevu. Gharama yake ni kwamba ukifungua tena, viewport za rendering zitahitaji Update, na kwenye karatasi nyingi utasubiri sana. Sisi huizima tunapotuma au kuhifadhi kazi iliyokwisha, si katikati ya mradi.

Bado zito? Tools, Purge, amri ya kufuta vitu visivyotumika. Sevu nakala kwanza, na uondoe tiki kwenye Classes, la sivyo klasi (makundi ya vitu vya mchoro) za kiolezo ambazo hujazitumia zitafutika.