Bwawa limegeuka kijani? Usilimwage lote kwanza

Agosti mwaka jana shemeji yangu alirudi kwenye nyumba yao ya Mbezi Beach waliyoifunga karibu miaka miwili. Bwawa la kuogelea la nyuma lilikuwa na rangi ya mlenda, vyura wameshaweka ukoo, viluwiluwi vya mbu vinachezacheza juu. Cha kwanza alichoniuliza: "Tukodi pampu tulimwage lote, tusugue?" Nikamkatalia.

Sehemu za pwani maji ya ardhini hayako mbali, hasa wakati wa masika. Bwawa tupu ni chombo, na maji yakipanda chini yake, chombo huelea. Zege linainuka, vigae vinapasuka, mabomba yanakatika. Bwawa la kijani husafishwa likiwa na maji yake.

Bwawa la shemeji ni mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5. Zidisha, unapata mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Pima la kwako kabla ya kununua chochote. Ukikisia, utanunua dawa mara mbili.

Hatua ya 1: Toa uchafu

Tumia wavu wenye mfuko mrefu, ule wa bapa ni wa kuokotea majani mawili matatu ya juu. Majani ya mwembe yaliyolala chini yakibaki, klorini yote itaishia kwayo.

Hatua ya 2: Maji yazunguke

Bila mzunguko, dawa inakaa ilipomwagiwa. Safisha kikapu cha skima (tundu la ukutani linalovuta maji ya juu) na cha pampu, kisha washa. Pampu ikikoroma bila kuvuta, usikimbilie kuchimba bomba: mara nyingi inavuta hewa kwenye mfuniko wake. Badilisha oringi, yaani pete ya mpira ya mfuniko, ipake grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando ya kujipaka yanaharibu mpira.

Mchanga wa filta ukiwa umeshikana kama tofali, badilisha wote. Nunua mchanga maalumu wa filta, si wa ufukweni. Halafu fanya bakiwoshi, yaani pitisha maji kinyume kwenye filta yatoke nje na uchafu, hadi maji ya kwenye kioo cha filta yawe meupe, na uandike geji ya presha inasoma ngapi. Ikipanda nusu baa juu ya hapo, bakiwoshi tena. Zima pampu kila unapogeuza mkono wa vali. Kila mara!

Siku za usafi pampu haizimwi, mchana na usiku, ila pale ninapokuambia. Pampu ya kilowati 0.75 inakula uniti 18 kwa siku, kwa hiyo jaza LUKU mapema.

Hatua ya 3: pH

Ni kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji. Ishushe hadi karibu 7.2 kwa asidi ya hidrokloriki. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye ndoo ya maji, kamwe si maji kwenye asidi. Weka kidogo, subiri saa kadhaa, pima tena. Fanya hivi kabla ya klorini nyingi, kwa sababu klorini ikiwa juu kipimo cha pH cha matone mekundu kinadanganya.

Hatua ya 4: Klorini, na pale niliponaswa

Nikatumia klorini ya unga ya asilimia 65. Gramu 15 kwa kila lita 1,000 zinapandisha klorini kwa takriban miligramu 10 kwa lita, kwa hiyo bwawa letu lilitaka kama gramu 720. Unaikoroga kwenye ndoo ya maji, unamwaga ukizunguka bwawa jua likishazama, maana jua linaila. Kisha unasugua kuta kwa brashi. Kwenye vigae vidogo tumia ya nailoni, ya waya ni ya zege tupu.

Usiku wa kwanza nikamwaga. Asubuhi kijani. Usiku wa pili nikaongeza dozi. Kijani. Usiku wa nne ndoo ya unga ilikuwa imekwisha, shemeji ananitazama kwa jicho ambalo sikulipenda, na kipimo cha matone ya njano kinaonyesha klorini ipo! Ipo, haifanyi kazi.

Ndipo nikamwuliza mlinzi walikuwa wakitumia nini. "Vidonge, bosi. Miaka yote vidonge." Vidonge vile vikubwa vinavyoyeyuka polepole vina asidi ya sianuriki ndani yake, mafundi huiita stabilaiza. Ni mwavuli wa klorini dhidi ya jua, na kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita ni kizuri. Lakini klorini inatumika, stabilaiza inabaki. Maji yanakauka kwa jua, yenyewe inabaki. Ikizidi, inaishikilia klorini, na mwani, vile vimelea vya kijani vinavyogeuza maji rangi, unastarehe.

Vipimo vya bei rahisi vya njano na nyekundu haviioni. Tafuta kile cha bomba lenye doti jeusi chini: unamimina maji yaliyochanganywa na dawa hadi doti lipotee. Kwetu lilipotea mapema, kipimo kikapita mwisho wake, 100. Nikachanganya maji ya bwawa na maji safi nusu kwa nusu, nikapima upya: 80. Kwa hiyo bwawa lilikuwa na 160.

Hakuna dawa ya dukani ninayoiamini kwa hili. Ni kubadilisha maji, nusu kwa nusu. Tulitoa nusu tukajaza, ikashuka 80. Tukarudia, ikafika karibu 40. Nusu inayobaki ndiyo uzito unaolishikilia bwawa chini, na hata hivyo tulifanya Agosti, si masika. Jumla ni maboza matano ya lita 10,000. Ukijaza kwa maji ya kisima, jaribu kwanza: tia klorini kidogo kwenye ndoo. Yakigeuka kahawia, yana chuma.

Baada ya hapo, usiku mmoja tu, maji yakawa ya kijivu. Kijivu ni mwani uliokufa.

Usichanganye klorini ya unga na vidonge hata kwenye ndoo moja iliyokauka, vinaweza kuwaka moto. Klorini na asidi zikikutana zinatoa gesi ya sumu. Na fundi akikuletea mrututu, mshukuru umrudishie. Unaua mwani kweli, ila shaba inabaki kwenye maji na kuchafua kuta.

Hatua ya 5: Kutoa ukungu

Filta pekee itamaliza, kwa siku kadhaa. Ukiwa na haraka tumia shabu, gramu 40 hadi 50 kwa lita 1,000. Zungusha maji bila kupitia filta, zima pampu usiku kucha, asubuhi vuta tope la chini moja kwa moja nje. Likipita kwenye filta, unarudi hatua ya 2.

Hakuna kuogelea mpaka uone wazi tundu la chini upande wa kina na klorini ishuke hadi miligramu 3 kwa lita.

Matunzo

Klorini 1 hadi 3, pH 7.2 hadi 7.6, pima mara mbili kwa wiki. Pampu saa sita kwa siku zinatosha bwawa hili. Brashi kila Jumamosi. Vidonge nimemwachia mlinzi pakiti moja, ya wiki ambazo wamesafiri, na kile kipimo cha doti jeusi nimekitundika kwenye mlango wa chumba cha pampu.