Mazuti au esansi: kuchagua pikapu ya kuvuta remorki katika milima ya Bukavu

"Fundi, ninunue ya mazuti ama ya esansi?" Swali hili hunifikia gerejini Kadutu karibu kila wiki, na anayeuliza mara nyingi ameshaona gari, ameipenda rangi, na pesa ziko mfukoni. Mimi humrudisha nyuma kwanza: unavuta nini, na unavutia wapi? Kwa wasomaji wa mbali, mazuti ndiyo dizeli, esansi ndiyo petroli na remorki ni trela. Nitaandika tunavyosema hapa Bukavu. Fuata hatua kwa mpangilio, maana jibu la kwanza hubadilisha yanayofuata.

Hatua ya 1: Pima mzigo, usiukadirie kwa macho

Chukua karatasi. Remorki tupu ya chuma, tuseme kilo 400. Mifuko 25 ya saruji ya kilo 50 ni kilo 1,250. Jumla 1,650. Ukivuta tangi la maji la lita 1,000, maji peke yake ni tani nzima kabla hujahesabu tangi wala magurudumu.

Sasa hesabu uzito unaolalia ndoano ya gari. Unatakiwa uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa remorki. Kwa mfano wetu, kilo 165 hadi karibu 250. Ukipungua hapo, remorki huyumba huku na huku mara tu unapoongeza mwendo. Uzito huo pia huingia katika mzigo ambao pikapu yenyewe imeruhusiwa kubeba, kwa hiyo kama mmepanda watu watano na bodi imejaa muhogo, umeshapita kiasi.

Pikapu nyingi zimeruhusiwa kuvuta kilo 750 tu ikiwa remorki haina breki zake. Saruji yetu inadai remorki yenye breki, injini iwe ya namna gani. Hapo sibembelezi mtu.

Hatua ya 2: Kumbuka kimo cha mji

Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyumba zetu nyingi ziko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, iwe ya esansi au ya mazuti. Turbo huishindilia hewa ndani ya injini na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa hiyo muulize muuzaji kuhusu turbo kabla ya kumuuliza kilomita.

Hatua ya 3: Linganisha nguvu mahali injini inapofanyia kazi

Watu hutaja idadi ya farasi. Anayevuta atazame nguvu ya kuzungusha, inayoandikwa kwa Nm, na mizunguko inakopatikana. Hilux ya esansi ya lita 2.7 hutoa Nm 245, lakini mpaka injini ifike mizunguko 4,000 kwa dakika. Hilux ya mazuti ya lita 2.4 yenye turbo hufikia Nm 400 kati ya mizunguko 1,600 na 2,000 tu. Barabarani maana yake ni hii: ukiwa na tani moja na nusu nyuma kwenye mlima wa matope, ya esansi utailiza katika gia ya kwanza, klachi inanuka, sindano ya mafuta inashuka. Ya mazuti inapanda taratibu na bado unasikilizana na aliyekaa kando yako.

Land Cruiser 79 yenye injini ya zamani ya mazuti, lita 4.2, silinda sita, bila turbo, ina Nm 285 kwenye mizunguko 2,200. Ni nzito na haina haraka. Ninaiheshimu kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi.

Hatua ya 4: Chunguza mafuta utakayoyapata kweli

Hapa ndipo wengi hupotelea. Injini ya mazuti ya kisasa hurusha mafuta kwa shinikizo linaloweza kupita bar 1,600, kupitia matundu madogo kuliko ncha ya sindano. Maji kidogo au vumbi laini yanatosha kuiharibu. Mteja wangu mmoja alijaza tangi kwa madumu ya kadhafi (wauza mafuta wa kando ya barabara) njiani. Kabla wiki haijaisha nozeli zote nne, yaani virusha mafuta, zilikuwa mezani kwangu, na pesa alizolipa zilikuwa za ada ya watoto. Iliniuma, maana hakukosea kuchagua injini. Hakuna aliyemwambia inavyotaka kulishwa.

Fanya hivi: kabla ya kujaza, mimina mazuti kwenye chupa ya kioo uiache dakika kumi. Maji hushuka chini, utayaona. Legeza kizibo cha chini ya filta mara kwa mara utoe maji, na beba filta ya akiba. Kama ekzosi ina chujio la masizi na safari zako ni za ndani ya mji, liache gari hilo. Chujio hilo linahitaji mazuti yenye salfa kidogo na safari ndefu zenye joto. Pampu ya zamani ya Land Cruiser niliyoitaja huvumilia mafuta duni kuliko hizi mpya, ndiyo maana bado inatafutwa. Esansi iliyochanganywa na vitu vingine pia hugongesha injini, ila kwa kawaida plagi na pampu ya esansi hazitakufilisi.

Ukifika hapa unaweza kuamua. Unavuta zaidi ya tani moja kila wiki, kwenye milima, na una kituo cha mafuta unachokiamini: chukua mazuti yenye turbo. Huna kituo hicho: mazuti ya zamani. Unavuta jenereta ndogo mara mbili kwa mwezi kati ya Ibanda na Kadutu, humuhumu mjini: chukua esansi, na pesa iliyobaki uitie kwenye matairi.

Hatua ya 5: Fikiria mteremko

Ukiachia pedali kwenye esansi, mlango wa hewa hufunga, injini inahangaika kuvuta pumzi, na mhangaiko huo hulishika gari. Mazuti kwa kawaida haizuiwi hewa hivyo, kwa hiyo yenye ujazo sawa hukushika kwa nguvu ndogo kuliko esansi. Nilijifunza hilo kwenye escarpment (genge la mlima) ya Ngomo, njia ya kutoka Bukavu kwenda Kamanyola, na remorki ya mchanga: niliteremka kwa gia ya nne, breki zikachemka, pedali ikazama hadi chini. Ukingo wa udongo ndio ulionisimamisha. Tangu siku hiyo huingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, ileile ambayo ningepandia, na breki nazikanyaga kwa vipindi vifupi.

Hatua ya 6: Jaribu na remorki nyuma

Mwambie muuzaji asiiwashe asubuhi hiyo. Iguse injini, iwe baridi, kisha iwashe mwenyewe. Moshi wa bluu usioisha ni oili inayoungua. Funga remorki yenye mzigo, simama katikati ya mlima, ondoka kwa breki ya mkono, ukitazama sindano ya joto. Mkifika juu, acha injini yenye turbo izunguke polepole dakika moja au mbili ndipo uizime. Kisha shuka, simama, na usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu lenye joto kuliko mengine lifunguliwe kabla hujatoa hata faranga moja.