Somo: Kuhesabu bila namba, na mfupa wa Ishango

Leo hatuanzi na 1, 2, 3. Tafuta kijiti laini, kisu na konzi moja ya maharage.

Hatua ya 1. Mwaga maharage mezani, usiyahesabu. Kwa kila harage kata alama moja kwenye kijiti, kisha litie kikombeni. Yakiisha, acha kukata.

Hatua ya 2. Mpe mwenzio kikombe aondoe harage moja au mawili kwa siri. Sasa yatoe tena, kidole kikihama mkato mmoja kwa kila harage. Mikato ikibaki, umeibiwa, na umelijua hilo bila kutamka namba hata moja! Hatua hii irudieni sana, hasa na watoto. Kulinganisha kimoja kwa kimoja hakuhitaji neno la "thelathini"; kunahitaji mkono na kumbukumbu iliyochongwa.

Hatua ya 3. Mikato mingi huchosha macho, basi acha nafasi kila baada ya mikato 5. Hayo ni mafungu.

Hatua ya 4. Sasa mfupa wenyewe. Ishango iko mashariki mwa Kongo, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba hapo akapata mfupa wa sentimita 10 hivi, una kipande cha jiwe la kwatsi kwenye ncha. Umri wake ni kama miaka 20,000. Mikato yake imepangwa kwa mafungu, katika safu tatu. Inakili kwenye kijiti kingine:

11, 13, 17, 19
11, 21, 19, 9
3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7

Jumlisha kila safu: 60, 60, 48. Mara ya kwanza nilirudia kujumlisha, sikuamini. Tazama pia safu ya mwisho: 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5. Maradufu na nusu. Ila 5 na 7 za mwisho zinavunja mpangilio, msizifiche.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Nasikia waliouchonga mfupa huu walijua namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, maana 11, 13, 17 na 19 zote ni tasa?

Marahaba. Ni tasa kweli, na kati ya 10 na 20 hakuna nyingine. Lakini namba tasa huijui mpaka ujue kugawanya, na mfupa huu hauonyeshi kugawanya popote. Mimi siwafundishi wanafunzi wangu hivyo.

Je, si kalenda ya mwezi?

Mmarekani Alexander Marshack aliutazama kwa hadubini akasema hivyo. Mikato yote ni 168, na miezi sita ya mwandamo ni siku 177. Inakaribia, haifiki.

Niko Beni, mwalimu. Naweza kuuona wapi?

Uko Brussels, kwenye taasisi ya sayansi asilia. Inaniuma kwamba wewe uliye jirani wa Ishango lazima uvuke bahari.

Bibi yangu hahesabu sita, saba, tisa. Anasema mtandatu, mfungate, kenda. Anakosea?

Hakosei hata kidogo! Sita, saba na tisa tulizipata kwa Waarabu. Za bibi ndizo za zamani. Siku saba za arusi bado tunaziita fungate. Mrekodi akihesabu mpaka kumi, utuletee.