Kabla Hujafungua Chupa ya Asidi Salfuriki

Mtihani wa vitendo wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ukikaribia, kuna mtu wa maabara katika kila sekondari ya Uganda anayeambiwa aandae lita kadhaa za asidi salfuriki ya moli 2, yaani moli 2 za asidi katika kila lita. Cha kwanza ni muda. Zimua asidi kali kwa maji siku moja au mbili kabla, usingoje asubuhi ya mtihani. Lita moja ya moli 2 huhitaji mililita 109 hivi za asidi ya asilimia 98, na hizo zinatosha kupandisha joto la mchanganyiko kwa zaidi ya nyuzi 30. Ukijaza chupa ya ujazo, ile yenye mstari wa kipimo shingoni, hadi alama kungali moto, ikishapoa utakuta kimiminika kimeshuka chini ya mstari, na hesabu yako imeharibika.

Maji yatangulie chomboni, asidi ifuate. Mililita moja ya asidi hii ina gramu 1.84, karibu mara mbili ya maji. Ukimimina maji juu yake yataelea, joto lote litabanwa pale yanapokutana, yatachemka papo hapo na kukurushia asidi usoni. Na Kampala, kwa mwinuko wake wa mita 1,200 hivi, maji huchemka yakifika nyuzi 96 tu.

Chombo kiwe bika ya Pyrex, kioo kinachostahimili joto, nayo ikae ndani ya beseni la maji baridi. Chupa ya jamu, hata iwe nene vipi, joto la ghafla huipasua. Mimina asidi kidogo kidogo ikiteremka kwenye kijiti cha kioo, koroga, kisha gusa ubavu wa bika kwa mkono wenye glavu. Ukiwa moto, subiri. Hapa ndipo wengi huharakisha, na sioni sababu, maana hakuna anayekufukuza.

Mfereji wa shule usiutegemee. Weka jerikeni zilizojaa karibu na meza. Jicho likirukiwa na asidi linaoshwa kwa maji mengi dakika 20, huku mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali, kwa hiyo usifanye kazi hii peke yako. Miwani ya kusomea haikingi pembeni, tafuta ile ya maabara. Baikaboneti ni ya kumwagia asidi iliyodondoka mezani. Ngozi ioshwe kwa maji.

Lebo iandike kabla hujaanza: jina, moli, tarehe.